Mifupa Inayocheza

Mwaka 1996 kaka alirudi Mwankoko kutoka Dar na mkanda wa video ulioandikwa kwa kalamu tu, "Katuni". Kwetu umeme hakuna, tukaubeba hadi kwenye banda la video Singida mjini. Bibi naye akang'ang'ania kuja.

Ilikuwa The Skeleton Dance ya Walt Disney, ya 1929. Dakika tano na ushee. Viunzi vinne vya mifupa vinatoka makaburini usiku. Kimoja kinampiga mwenzake mgongoni kama marimba. Hakuna anayeongea. Mtunga muziki Carl Stalling ndiye aliyemshauri Disney kwamba muziki utangulie, katuni ifuate, na kweli kila mguu unatua na mdundo wake. Basi bibi, asiyejua Kiingereza wala kusoma, akaelewa kabla yetu. Akacheka mpaka khanga ikadondoka. Babu tulikuwa tumemzika mwezi uleule.

"Kumbe huko wanacheza!" akasema.

Juzi jamaa mmoja anayekusanya mikanda ya zamani kaniwekea elfu hamsini mezani. Mkanda umeota ukungu, deki sina, katuni yenyewe inapatikana hata kwenye simu. Mke wangu ananiona chizi, maana sare ya mtoto bado. Nimemwambia jamaa arudi Jumamosi.