Waliokuja Matanga

Haya ninayoyasimulia yalinipata Bukoba Vijijini katika miaka ya 1990, nilipokuwa mmoja wa akina mama wa usharika wetu wa KKKT waliojitolea kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI majumbani. Vijana wanaoingia katika huduma siku hizi huniuliza kama Mungu alinilipa. Alinilipa, tena taabu ikiwa bado haijaisha, na kwa mikono ambayo sikuitazamia.

Wagonjwa watatu wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Vita na Amin vilikuwa vimemalizika mwaka 1979, magendo ya mpakani yamechangamka, na watu walipoanza kukonda, ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la nguo zilizotoka Uganda. Wengi waliamini ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa mali zao. Muongo mmoja baadaye hakuna aliyehitaji kuelezwa. Makaburi mapya yalikuwa katikati ya migomba, kibanja hiki na kile. Hospitali zilijaa. Mgonjwa aliyeonekana hana la kusaidiwa alirudishwa afie kwa watu wake, na watu wake mara nyingi walikuwa bibi kizee mmoja na wajukuu.

Tulikwenda kwa miguu, wawili wawili, na mfuko wenye sabuni, pamba, na ile dawa ya zambarau ya kupaka kinywani penye utando mweupe. Tuliwafundisha wenye nyumba kutengeneza maji ya kumpa anayehara: lita moja iliyochemshwa ikapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Tuliwafundisha hata watoto kumgeuza mgonjwa ubavu, kwa maana akilalia upande mmoja ngozi ya nyonga huchubuka, kisha kidonda huchimba ndani mpaka mfupa ukaonekana. Glavu zilikuwa adimu, tukajifunga mifuko ya nailoni mikononi. Shuka zikiwa zimelowa zote, tulitandika majani mabichi ya mgomba yaliyopitishwa motoni yakalainika. Harufu ya chumba kisicho na dirisha, ambamo mtu ameharisha siku nyingi, niliomba niizoee. Sikuizoea. Nilipewa nguvu ya kuingia hivyo hivyo.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa nje ya vyumba hivyo. Nilikuwa nauza maandazi sokoni, na ada ya mwanangu ilitoka humo. Ilipojulikana kwamba mikono inayokanda unga huu ndiyo inayoosha wagonjwa, wateja wakaanza kupita mbali. Wengine walinisalimu vizuri kabisa, wakaenda kununua kwa jirani. Nikawa narudi na beseni limejaa. Muhula uliofuata mwanangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Hata kanisani kulikuwa na waliohama benchi nilipoketi. Mchungaji wetu, Mungu amrehemu, hakunihubiria uvumilivu. Alinionyesha zile zaburi ambazo mtu anamlalamikia Mungu toka mwanzo hadi mwisho, akaniambia nizisome kwa sauti nikiwa shambani peke yangu. Nilizisoma nikilia. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba nimechoka, anitafutie kazi nyingine.

Katika hali hiyo mdogo wangu akaletwa kutoka Mwanza. Nilipomwona anashushwa garini nilijua. Nilimwuguza kwa yale yote niliyojifunza kwa watu wengine, akafia kwangu.

Kwetu msiba ni wa kijiji kizima. Watu huja na ndizi, kuni na maji, wakalala na wafiwa kwenye nyasi zilizotandikwa chini. Kwa mdogo wangu walikuja kuzika, wakasimama mbali na kaburi, jua halijazama wakaondoka. Usiku ule tulilala ndugu peke yetu.

Siku ya pili, alasiri, nikasikia mtu anabisha. Alikuwa mama mmoja wa kule kilimani ambaye wiki mbili nyuma nilikuwa nimemwosha kitandani. Alikuja amemshika bega mwanawe mdogo, anatembea hatua chache, anapumzika, anatembea tena. Nyuma yake walikuwa wagonjwa wengine, wale walioweza kusimama. Walikuwa wameitana. Akafungua kitambaa akatoa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna. Wasiojua desturi yetu nawaambia: akamwani hutolewa na mwenye nyumba kumkaribisha mgeni. Yeye aliingia nyumbani mwangu akanikaribisha mimi. Akasema, "Waitu, leo wewe ndiye mgonjwa. Kaa chini." Akamtuma mwanawe achemshe maji, akanisimamia nioge, akanisimamia nile. Wakalala nasi kwenye nyasi, wakikohoa usiku kucha, na waliokuwa na sauti wakaimba.

Hapo ndipo nilipobarikiwa. Nilikuwa nimehesabu wagonjwa wale kama mzigo niliokabidhiwa na Bwana, na baraka kama kitu kitakachoshuka kutoka juu nikishautua. Paulo anafungua waraka wake wa pili kwa Wakorintho kwa habari ya faraja inayotoka kwa Mungu, ikapita kwa mwenye dhiki mmoja kwenda kwa mwingine. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi nikidhani anayefariji ni mimi. Siku ile nilifarijiwa na watu ambao dunia ilishawaandika wafu, na walikuwa na cha kunipa kwa sababu walikuwa wamepita nilipokuwa napita. Walio wazima hawakuwa nacho.

Simwungi mkono mhubiri anayesema ugonjwa ule ulikuwa baraka. Ulikuwa uovu. Mdogo wangu angekuwa hai leo, ningemshukuru Mungu kuliko kwa yote niliyoyaandika hapa. Wala mambo yangu ya dunia hayakunyooka: biashara ya maandazi ilikufa, na mwanangu alimaliza shule amechelewa sana. Nasema tu kwamba Kristo nilimkuta mahali pale, na nadhani nisingalimkuta kama wateja wangu wasingalinikimbia, kwa sababu nisingalikuwa mhitaji wa kubishiwa mlango.

Mama yule wa kilimani alifariki kabla dawa hazijafika. Serikali ilipoanza kutoa ARV bure mwaka 2004, nililia kwa furaha na kwa uchungu pamoja, nikiwahesabu wale ambao miaka michache tu ingewaokoa. Yule mwanawe aliyemshika bega ni mtu mzima sasa, mzee wa kanisa, na ndiye ninayetembea naye nyumba kwa nyumba kuwatia moyo watu wasiache dozi. Kazi si ile ya zamani. Hatuoshi tena vidonda vile. Siku hizi adui ni uchovu, hasa kwa vijana waliozaliwa na virusi, ambao wamemeza vidonge tangu hawajui kusoma. Tunaye binti mmoja aliyeacha dawa tangu mwezi uliopita na hataki kutufungulia. Tunakwenda tena Alhamisi. Naomba mmkumbuke katika sala zenu.