Njiti Mbili

Juma lililopita mjukuu wangu alinijia barazani, akanipa shikamoo, nami nilipoutazama mkono wa shati lake la skauti nikaona beji nne zilizoshonwa kwa uzi mpya, nikamwuliza kila moja aliipata kwa mtihani gani. "Mtihani, babu?" akastaajabu. "Tuligawiwa sote siku ya gwaride."

Sikumlaumu, maadamu mtoto hana kosa. Ila fikira zangu zilipanda hadi Olmotonyi, kwenye miteremko ya Meru, kilipo Chuo cha Misitu tangu 1937, mahali ambapo jina lake kwa Kimaasai ni la ndege mkubwa, hata kikosi chetu cha skauti tukakiita Tai pasipo kushauriana sana.

Tulifuata masharti yaliyotokana na kitabu cha 1908 cha Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti: atakaye daraja la pili hutembea na kukimbia maili moja kwa dakika 12, hutazama vitu 24 kwa dakika moja kisha akavitaja 16, huwa na akiba ya peni sita, ambazo kwetu zilikuwa thumni, na huwasha moto kwa njiti zisizozidi mbili. Hapo kwenye njiti ndipo nilipokwama.

Mtahini wa moto hakuwa mwalimu wala skauti, bali bwana miti mmoja mzee, ambaye koti lake lilinuka utomvu wa misindano na tumbaku, hata ungefumba macho ungejua kuwa amesimama nyuma yako. Hakuwa mkali, hasha. Upole wake ndio uliotutia hofu, kwa kuwa alipoona njiti ya pili imezimika hakusema neno, alikichukua kiberiti mkononi mwako, akakitia mfukoni, akakuuliza habari za nyumbani. Nilidhani ilikuwa 1957, lakini kitabu changu cha akiba cha Posta kina muhuri wa 1958. Haidhuru, ilikuwa masika, nami nilishindwa mara mbili. Mara ya tatu alinivuta chini ya msindano, akanionyesha kwamba wakati wa mvua kuni haziokotwi chini, huvunjwa mtini, katika matawi yaliyokufa yangali juu, kisha hupasuliwa ili moto uanzie kwenye kiini kikavu.

Moto ukawaka, na beji sikupata. Lilibaki Baraza la Heshima, yaani viongozi wa vikosi, vijana wa rika letu, walioketi kwenye magogo wakaniuliza, kwa taadhima iliyoniudhi mno, kwa nini mama yangu alionekana akichota maji peke yake ilhali mimi nacheza mpira. Wakaniahirisha mwezi mzima. Na nilipoishona hatimaye, ilikuwa ile kanda yenye wito wetu tu. Ua la yungiyungi juu yake lilingojea daraja la kwanza, safari ya maili 14 na kumfundisha skauti mpya, hivyo kila mtu aliona kuwa kazi yangu ilikuwa nusu.

Uingereza yenyewe iliyafuta madaraja hayo katika miaka ya 1960. Kwetu yalififia taratibu. Beji zikazidi, watahini wakapungua, na siku hizi skauti aghalabu humwona akipangwa kandokando ya barabara mgeni apite.

"Basi nitahini wewe, babu," akasema kijana. Nikamhesabia njiti mbili. Manyunyu yalikuwa yameanza. Akatoka mbio hadi chini ya mkaratusi, akainama, akaanza kuokota.