Faida ya Likizo

Likizo ya watoto ni mgeni ajaye nyumbani mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, wala hapigi hodi. Watoto humpokea kwa shangwe. Wazazi wengi humpokea kwa hesabu: nani atakaa nao, watakula nini mchana, na watazuiwaje kushinda mbele ya televisheni. Hapa Arusha mgeni wa Juni huja pamoja na baridi. Ukungu hushuka, na kwa siku nyingi mtu huishi chini ya Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, asiuone.

Nami nilikuwa miongoni mwa wazazi wa hesabu. Mwaka ambao binti yangu wa kwanza alikuwa darasa la saba, nilibandika ukutani ratiba ya likizo: hisabati asubuhi, Kiingereza adhuhuri, insha alasiri. Nilijiambia kuwa nafanya hivyo kwa manufaa ya watoto. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kuwa mezani pangu palikuwa na rundo la tasnifu za wanafunzi wangu, na ratiba ile ilikuwa ukuta niliojijengea baina yangu na wanangu. Siku ya tatu mdogo wao, mwenye umri wa miaka minane, aliisoma tena toka juu hadi chini, kisha akaniuliza kwa adabu: “Baba, hii ni likizo, au ni shule isiyo na kengele?”

Nilicheka, lakini usiku usingizi ulichelewa. Mwaka uliofuata binti yangu alitarajiwa kwenda shule ya bweni, na tangu hapo angekuwa akija nyumbani kama mgeni. Likizo za utoto wake zilizosalia zilihesabika kwa vidole. Mtu aweza kuahirisha tasnifu. Hawezi kuahirisha umri wa mwanawe. Kulipokucha niliibandua ratiba.

Juma la kwanza tulitembea mjini kwa miguu. Tuliingia katika Boma, ngome iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1900 na ambayo leo ni makumbusho. Tukaenda Kaloleni, kwenye makumbusho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Watoto walitazama, wakasoma vibao, wakachoka. Sikuwalaumu. Historia iliyo nyuma ya kioo ni chakula kilichopoa.

Juma la pili tulipanda kwa mama yangu, mteremkoni mwa Meru. Alitupokea kwa loshoro, na kwa siku mbili wajukuu walikula na kulala. Siku ya tatu aliwapa jembe, kama methali iagizavyo. Walilima migombani, wakachota maji, wakalalamika, wakazoea.

Jumamosi moja tulimchukua mama, tukapitia Usa River na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Tuliona mbega mitini. Tukasimama ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto, ambamo mgeni haruhusiwi kushuka. Tukafika kwenye maziwa ya Momella, yenye maji ya magadi na heroe. Watoto walikuwa wakibishana juu ya idadi ya twiga, mama aliponyosha fimbo yake kaskazini. “Kule ndiko kwetu,” alisema. “Kule ndiko tulikofukuzwa.”

Habari ile naijua vitabuni. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika nchi yao ya Engare Nanyuki ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilitiwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Haya nimeyataja darasani mara nyingi. Lakini mimi, mwenye shahada ya udaktari, sikuwahi kumwuliza mama yangu neno zaidi ya tarehe.

Mdogo hakuuliza tarehe. Aliuliza: “Bibi, wewe ulichukua nini?”

“Nilikuwa na miaka saba, mjukuu wangu. Nilichukua kuku wangu. Nilimbeba kutwa. Nilipomweka chini jioni alikuwa amekwisha kufa, maana nilimkumbatia mno.”

Hapana aliyesema neno. Binti yangu alivua mtandio wake akamfunika bibi yake mabega. Mimi nilitambua kuwa jibu lile lilikuwapo kabla sijazaliwa, likimngoja muulizaji mwenye nafasi. Na nikaikumbuka ratiba yangu.

Sisemi masomo yaachwe, wala sisahau kuwa si kila mzazi ana ruhusa ya kazi au akiba ya nauli. Lakini safari ile isingekuwa kitu bila swali la mtoto, na swali lile halikuhitaji nauli. Lilihitaji mtoto asiyeharakishwa, mzee asiyekatizwa, na mzazi aliyekaa kimya karibu nao. Kwa maoni yangu, faida ya likizo haipatikani kwa kuijaza, bali kwa kuiachia uwazi, na mzazi akiwamo ndani yake.

Tasnifu nilizisoma usiku, watoto walipokwisha lala. Zilichelewa siku tisa, nami niliwaomba radhi waandishi wake. Binti yangu yuko bweni sasa. Insha ya kwanza aliyoandika huko ilihusu likizo, na ndani yake hamkuwa na twiga wala heroe. Aliandika habari za kuku.