Chupa Isiyo na Jina



Wapendwa waamini, tafakari yetu ya juma hili haianzii altareni. Inaanzia chumbani kwa bibi mmoja wa parokia yetu, hapa Muleba. Tunaiandika kwa ridhaa yake, bila kumtaja jina, na tunaiandika kwa sababu kosa lililotokea lilikuwa letu kabla ya kuwa lake.

Bibi huyu amelima migomba na kuchuma kahawa maisha yake yote, na sasa magoti yake yamechoka. Kila tulipompelekea Komunyo tulimkuta ameyafunga kitambaa. Siku moja tukapita guliono wakati muuzaji akiinadi dawa ya kuchua: inatibu viungo, mgongo, kichwa, hata kikohozi. Tukanunua chupa kubwa. Nusu tukajibakizia, maana mgongo wetu nao unalalamika kwa safari za pikipiki kwenda vigangoni. Nusu ya pili tukaimimina katika chupa tupu ya soda, tukampelekea. "Waitu Padri, leo nitalala," alituambia. Tukarudi nyumbani tukijihesabu miongoni mwa Wasamaria wema.

Siku ya tatu mjukuu wake wa miaka 2 aliikuta ile chupa chini ya kitanda. Kwa macho yake ilikuwa soda, na harufu yake ilikuwa tamu kama peremende. Akanywa. Muda si mrefu akaanza kutapika, kisha kuhema harakaharaka, na mwili ukawaka moto. Waliokuwepo wakafanya ambayo wengi wetu tungeyafanya: wakamnywesha maziwa, wakamtia kidole kooni ili atapike zaidi. Saa nzima ikapotea hivyo, hadi jirani alipompakia kwenye pikipiki na kumkimbiza hospitali. Huko daktari akauliza swali moja tu: "Amekunywa nini?" Hakuna aliyeweza kujibu. Chupa haikuwa na karatasi wala jina. Jina lilikuwa limebaki kwenye chupa yetu, juu ya meza ya chumba chetu.

Tulipopigiwa simu tulikwenda nayo mbio. Mtoto alilazwa siku nne, na kwa huruma ya Mungu akapona. Lakini usiku ule tuliokaa kwenye benchi la wodi, bibi akijilaumu na sisi tukijua wa kulaumiwa ni nani, hatutausahau.

Daktari alitusomesha ile karatasi. Kwa herufi ndogo iliandikwa methyl salicylate na camphor. Ya kwanza ni ya ukoo mmoja na aspirini. Ndiyo inayoleta ile harufu tamu na joto kwenye ngozi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta yake halisi, yaani mililita 5, kina nguvu ya vidonge zaidi ya 20 vya aspirini vya miligramu 300, na kiasi hicho au pungufu yake kimewahi kuua mtoto mdogo. Dawa nyingi za kuchua zimechanganywa na vitu vingine na hazifikii ukali huo. Hata hivyo, mafunda machache kwa mtoto ni hatari kubwa. Dalili zake ni kutapika, masikio kuvuma, kuhema kwa kasi, jasho, homa, kuchanganyikiwa, na mwisho degedege na kuzimia.

Ya pili ni kafuri, ile ambayo watu wa pwani huiita karafuu maiti. Mtoto akiinywa anaweza kushikwa na degedege ndani ya dakika chache, hata kabla ya dalili nyingine. Marekani iliweka kikomo mwaka 1983: dawa ya kupaka isizidi kafuri asilimia 11.

Tusidhani hatari ipo kwenye kunywa peke yake. Ngozi nayo hunywa. Mwaka 2007, huko New York, msichana mwanariadha wa miaka 17 alifariki dunia, na uchunguzi wa jiji ukaonyesha kuwa alizidiwa na sumu hiyohiyo, iliyoingia mwilini kwa kupaka dawa za misuli kwa wingi mno. Hakuinywa. Aidha, wazee wanaotumia dawa ya kuzuia damu kuganda, iitwayo warfarini, wanaweza kutokwa damu ndani ya mwili wakijipaka dawa hizi mara kwa mara, kwa kuwa huongeza nguvu ya ile wanayomeza.

Basi tukumbushane mambo machache. Dawa ya kuchua ni ya kupaka; asituambie mtu kuitia kwenye chai ili kutibu tumbo au kikohozi. Isipakwe juu ya kidonda, wala isifungwe kwa bendeji ya kubana au kukandwa kwa maji ya moto, maana joto na kufunika huiingiza mwilini kwa wingi. Asipakwe mtoto bila ushauri wa mtaalamu, na kafuri isitiwe puani mwake. Tununue kwenye duka la dawa lililosajiliwa, ambako tunaweza kuuliza na kujibiwa. Na chupa ibaki ileile iliyotoka dukani, kifuniko kikiwa kimekazwa, juu mahali mtoto asipofika.

Ikiwa mtoto ameshakunywa, tusimtapishe, tusimpe maziwa wala mafuta. Tumfute mdomo, tuchukue chupa yenyewe, na tumpeleke mara moja kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu, iwe Rubya, Kagondo au Ndolage. Tusisubiri dalili. Kwa ndugu zetu wa Bumbire na Goziba, ambao hospitali kwao ipo ng'ambo ya ziwa, kuificha chupa ni bora mara mia kuliko kutafuta mtumbwi usiku.

Tangu siku ile kuna jambo linalotusumbua kila tunapoingia sakristia. Humo tunayo Mafuta ya Wagonjwa. Yamo katika chombo chake, kimeandikwa herufi zake, ndani ya kabati lenye kufuli. Hatungethubutu kuyamimina kwenye chupa ya soda. Na mafuta hayo hayawezi kumdhuru mtoto yeyote! Yale yanayoweza kuua tuliyagawa kwa mkono mwepesi, bila jina, bila neno la tahadhari, kwa sababu tu yalinunuliwa kwa fedha kidogo gulioni.

Msamaria wa Injili alimmiminia majeruhi mafuta na divai, lakini hakuishia hapo. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akalala naye, akaacha fedha na maelekezo, akaahidi kurudi. Sisi tulimimina mafuta tukaondoka. Huruma yetu ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya haraka, na huruma ya haraka humwachia maskini mzigo wa makosa yetu. Katika toba ya kila Misa tunakiri pia yale tuliyoacha kuyatenda. Safari hii tulijua tunalokiri.

Tulimwomba bibi msamaha mbele ya watoto wake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Padri, ulinipenda, ila siku nyingine unisomee karatasi." Tumelichukua neno hilo kama malipizi. Juma hili, kabla ya kusali Rozari jioni, kila nyumba ya jumuiya zetu itazame chini ya vitanda vyake. Chupa isiyo na jina isilale humo usiku mwingine.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu