Rangi tatu, karatasi moja na uso wa Dani

Leo naziweka kando seva na hifadhidata. Nataka tuzungumzie kazi ambayo nusu yake ni ya kompyuta na nusu ni ya ndoo, brashi na jua: kuchapa picha ya rangi kwa mkono. Mimi hulipwa kwa kuandika programu hapa Homa Bay, lakini wikendi nyingi za hivi karibuni zimekwenda kwenye picha moja tu ya nyanya yangu, anayeishi upande wa Nyatike, Kaunti ya Migori. Nyumbani tunamwita Dani.

Kwa nini nisiipeleke studio nikaichukua baada ya dakika kumi? Kwa sababu ya picha ya babu. Imetundikwa ukutani kwa Dani tangu miaka ya themanini, na leo babu amebaki mtu mwekundu katika dunia nyekundu. Rangi za picha za aina ile zilikuwa za kemikali zinazovunjika polepole, na mara nyingi ile ya samawati hutangulia kuondoka. Dani aliniambia, "Mjukuu wangu, mimi usinifanye hivyo." Basi nikatafuta njia ya kutumia rangi za unga, zile zile wanazotumia wachoraji, ambazo ukizichagua vizuri hudumu muda mrefu.

Rangi tatu zinatoka wapi

Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1861, pale Royal Institution, London, James Clerk Maxwell alionyesha utepe wa rangi kwa kutumia picha tatu zisizo na rangi. Thomas Sutton alizipiga kupitia vichujio vya rangi nyekundu, kijani na bluu, kisha zikaangaziwa pamoja ukutani. Miaka michache baadaye Mfaransa Louis Ducos du Hauron alieleza jinsi ya kupata jambo hilo kwenye karatasi: badala ya kuongeza mwanga, unapaka rangi zinazomeza mwanga, yaani samawati, majenta na njano.

Simu yako tayari imemaliza kazi ya Maxwell. Kila pikseli ina namba tatu, kuanzia 0 hadi 255: nyekundu, kijani na bluu. Kwa hiyo kutenganisha rangi ni mistari mitatu tu:

samawati = 255 - nyekundu
majenta = 255 - kijani
njano = 255 - bluu

Hapo unapata picha tatu za kijivu. Kila moja unaichapa kwenye plastiki angavu iwe negativu. Panapopita mwanga, rangi hushika karatasi. Palipo na wino mweusi, mwanga huzuiwa na rangi huoshwa na maji. Usisahau kuigeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo kabla ya kuchapa, maana upande wenye wino ndio utakaogusa karatasi.

Ukifikiri kazi imekwisha hapo, pole. Ndiyo kwanza inaanza.

Plastiki, karatasi na maji

Tumia printa ya wino, si ya leza. Printa ya leza hutumia joto, plastiki hunywea kidogo, na negativu tatu zikikosana hata kwa milimita moja, mtu anaota macho manne. Karatasi nayo hunywea ikilowa. Natumia karatasi nzito ya rangi za maji, gramu 300, na kabla ya lolote nailoweka katika maji moto na kuikausha ili imalize kunywea. Kisha natoboa negativu zote na karatasi kwa mashine ile ile ya kutobolea karatasi za faili, na vijiti viwili vya mbao huzishika mahali pake.

Tabaka la kwanza ni la samawati, na nalipata kwa sayanotaipu, njia iliyogunduliwa na John Herschel mwaka 1842. Chumvi mbili za chuma hupakwa kwenye karatasi, jua huzibadilisha, na maji huacha bluu ya Prussia. Majenta na njano hufuata, kila moja ikiwa rangi ya unga iliyochanganywa na gundi ya mgunga, ile inayovunwa hata huku kwetu katika kaunti za kaskazini.

Kwa desturi, gundi hiyo hufanywa ihisi mwanga kwa potasiamu daikromati. Hiyo ni sumu kali inayoweza kuleta saratani, na maji ya kuoshea huenda nayo. Katika machimbo ya dhahabu ya Migori watu wamejionea jinsi zebaki ilivyo rahisi kumwaga na vigumu kuiondoa kwenye mto. Mimi naoshea picha karibu na ziwa ambalo watu wanavua omena, hivyo natumia mchanganyiko wa kisasa usio na kromu.

Maji nayo yana maneno. Bluu ya Prussia haipatani na magadi. Ukiiosha kwa maji ya Simbi Nyaima, lile ziwa la magadi karibu na Kendu Bay, bluu itakimbia na kuacha unjano. Hata maji ya visima vingine yana chumvi ya aina hiyo. Natumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi, basi.

Mawe yalitoka vizuri, uso haukutoka

Sasa tuje kwenye shina la jambo. Namba 128 ya kompyuta haizai nusu ya rangi kwenye karatasi. Kila mchanganyiko una tabia yake, kwa hiyo kati ya picha na negativu unaweka jedwali la marekebisho: namba 256 zinazoingia, namba 256 zinazotoka. Majedwali yaliyo tayari yanapatikana bure. Nilichukua moja linalosifiwa sana, nikachapa picha niliyopiga Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe huko Migori zilizojengwa bila udongo wala saruji, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Mawe yalitoka safi, kila ufa ukaonekana.

Kwa jedwali lile lile nikachapa picha ya Dani. Gauni lilitoka, ukuta nyuma yake ukatoka, wingu likatoka. Uso ukawa doa moja la kahawia. Dani aliishika, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. "Huyu ni kivuli changu," akasema. "Mimi niko wapi?"

Nilirudi kwenye faili kuzisoma namba. Mawe ya Thimlich ni ya kijivu: namba zake tatu zinakaribiana na nyingi ziko kati ya 90 na 200. Shavu la Dani upande wa jua lilikuwa 112, 74, 56. Upande wa kivuli, 46, 29, 22. Ndani ya mikunjo ya uso, 30, 18, 14. Jedwali lile lilichukua kila kitu kilicho chini ya 40 likakifanya kitu kimoja. Kwenye mawe hakuna aliyepoteza chochote. Kwa Dani ilipotea miaka yake yote.

Jedwali halikuwa na hitilafu. Aliyelitengeneza alilipima kwa karatasi yake, mwanga wake na picha zake. Lakini hadithi hii si ngeni. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa "Shirley", zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya tisini. Mwaka 2022 Google ilitoa kipimo cha ngozi chenye ngazi 10, kilichobuniwa pamoja na mwanasosholojia Ellis Monk, ili mashine zipimwe kwa watu wote. Yaani tatizo la kadi limehamia kwenye namba, na namba tunaziandika sisi wanaprogramu.

Kutengeneza jedwali lako

Nilichofanya ni hiki, na yeyote anayejua Python kidogo anaweza.

Kwanza, nilichora ubao wa vibanda 32 vya kijivu kuanzia 0 hadi 255. Kisha nikaongeza vibanda 26 vya eneo la giza pekee, 0 hadi 100, kila baada ya namba nne. Pili, nikachapa ubao huo mara tatu kwa kila rangi, kwa sababu mkono haupaki sawa kila siku. Tatu, nikaskani, programu ikachukua wastani wa kila kibanda, ikahakikisha namba hazirudi nyuma, halafu ikaligeuza jedwali: nikitaka weusi huu kwenye karatasi, niiambie printa namba gani? Kila rangi ina jedwali lake.

Jua nalo halipimwi kwa dakika. Tuko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na mchana wingu moja kutoka Ghuba ya Winam hubadilisha hesabu yote. Nimeunga kitambuzi cha miale ya urujuanimno kwenye kibao kidogo cha ESP32. Kinajumlisha mwanga kila sekunde, na dozi ikitimia kinalia. Wingu likipita, kinasubiri tu.

Lakini hata jedwali bora haliongezi uwezo wa karatasi. Tabaka la gundi lina hatua chache kutoka mweupe hadi rangi kamili, na huwezi kumpa kila mtu. Ni bajeti. Nilizichukua hatua za wingu na ukuta uliopigwa jua, nikazipeleka kati ya 10 na 120, alipo Dani. Kwenye picha mpya wingu limekuwa weupe mtupu. Mikunjo ipo, makovu mawili ya utotoni yapo, na weusi wa upande wa kivuli una wekundu wake kama ulivyo.

Niliipeleka kwake kwa matatu, nikipitia Rongo hadi Migori, kisha bodaboda. Aliitazama kimya, halafu akagusa kovu la paji la uso kwenye picha, akagusa na lake. "Hili nililipata nikichota maji," akasema, na jioni ile nikasikia hadithi ambayo hata mama hakuwa ameisikia.

Ukitaka kujaribu, anza na sayanotaipu ya rangi moja. Lakini ubao wako wa kwanza wa vibanda usiupime kwa kijivu peke yake. Chukua namba za ngozi ya mtu unayempenda, ziweke pembeni mwa kila karatasi, na usiliamini jedwali lolote kabla halijamwonyesha.

Siku nyingine nitaeleza kile kitambuzi cha jua, waya kwa waya. Kwaherini kwa sasa.