Kwa Nini Mama Huyu Alifariki?

Mama anapofariki kwa uzazi, neno la kwanza linalosikika msibani ni, "Nesi alizembea." La pili ni, "Siku yake ilifika." Sisi akina mama wa Shinyanga na Geita tumeyasikia yote mawili mara nyingi, wala hatujaona hata moja likimwokoa mzazi anayefuata.

Katika kikundi chetu wamo wakulima wa pamba na mpunga, wauza vyakula kwenye maduara ya dhahabu, na wauguzi wawili. Mmoja wao amestaafu, nasi tunamwita Mama Mwalimu. Ndiye aliyetufundisha kutazama jinsi kazi inavyokwenda hatua kwa hatua. Hakutumia maneno magumu. Alitusimulia visa, kisha akauliza: kamba ilikatikia wapi?

Kisa cha kwanza kilikuwa cha Bi X, ambacho Profesa Mahmoud Fathalla wa Misri alikifanya kijulikane duniani miaka ya 1980. Bi X alifia hospitalini kwa kutokwa damu, kondo la nyuma likiwa limekaa chini. Ukiishia hapo, umemaliza. Lakini ukiuliza tena, unakuta damu ya kuongezewa haikutosha. Ukiuliza tena, alikawia njiani kwa saa nyingi. Tena, alikwishatokwa damu kabla ya siku hiyo, asitibiwe. Tena, alikuwa na upungufu wa damu, na mimba yenyewe hakuitaka. Kifo kimoja, milango mingi iliyoachwa wazi.

Kisha tukatunga kisa chetu, cha mama wa kambi ya wachimbaji wadogo. Uchungu umeanza usiku. Baba yuko shimoni, simu haishiki. Mama mkwe anasema, "Tungoje arudi." Fedha zimefungiwa sandukuni na ufunguo anao baba. Bodaboda anapatikana alfajiri. Zahanati muuguzi yuko peke yake, na dawa ya kuzuia damu anaitafuta kabati hadi kabati. Tuliandika kila hatua kwenye kikaratasi, tukavipanga mkekani, na pembeni tukaandika dakika zilizopotea.

Mwenzetu mmoja alikaa kimya muda mrefu. Alimzika mdogo wake kwa namna hiyohiyo. Kisha akasema, "Msinifundishe kuwasamehe wazembe. Nionyesheni tu palipokatika." Mama Mwalimu akamjibu, "Mzembe awajibishwe, mwanangu. Lakini ukimwondoa yeye na kabati likabaki vilevile, atakayekuja naye atatafuta dawa gizani." Hapo sote tulielewa somo.

Wataalamu Thaddeus na Maine waliandika mwaka 1994 kwamba mzazi hucheleweshwa mara tatu: nyumbani kwa kukata shauri, njiani kwa kukosa usafiri, na kituoni kwa kukosa huduma ya haraka. Tulipovitazama vikaratasi vyetu, tuliona ucheleweshaji wa kwanza umo mikononi mwetu, wake na wakwe.

Ule wa kituoni nao una dawa yake. Tangu mwaka 2007, kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, Wizara ya Afya ikisaidiwa na Wajapani imefundisha njia iitwayo kaizeni, yaani kuboresha kidogo kidogo. Huanza na S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Toa kisichotakiwa, kila kitu kiwe mahali pake, safisha, wekeni utaratibu mmoja, na msiuache. Mama anayejua chumvi ilipo hata taa ikizimika anaielewa kaizeni.

Kwa ule wa njiani, upo mpango wa m-mama. Ulijaribiwa kwanza Sengerema, jirani zetu, ukaja mkoani Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kwa nchi nzima. Unapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza dalili, kisha anatuma gari la wagonjwa, na likiwa mbali anatafuta dereva wa jirani ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mzazi. Familia hailipi nauli.

Kitaifa hali imebadilika sana. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Lakini 104 hao nao wana mama zao.

Dada msomaji, fanya zoezi hili nyumbani kabla tumbo halijawa kubwa. Keti na mumeo na mama mkwe, kwa heshima na bila ugomvi. Ulizeni: uchungu ukianza usiku na baba hayupo, nani anakata shauri? Kadi ya kliniki iko wapi? Fedha zimewekwa wapi, na nani mwingine anajua? Nani atabaki na watoto? Namba 115 imeandikwa ukutani? Kila swali lisilo na jibu ni hatua iliyokatika. Iungeni siku hiyohiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii, akina mama wenzetu, haujengeki tena.