Saa za Kuazima

Wahenga walisema elimu haina mwisho. Walisema kweli, lakini hawakutuambia elimu hiyo isomwe saa ngapi, wala nani atafanya kazi za msomaji wakati yeye amefungua kitabu. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza, ndugu msomaji, kwa kuwa limenigusa mara mbili maishani. Mara ya kwanza nilikosea. Mara ya pili nimejaribu kujirekebisha.

Siku moja mpwa wangu alikuja kutoka Kasulu kunijulia hali hapa Kibondo. Yeye ni meneja wa nyumba ya wageni yenye vyumba ishirini. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kula ugali wa muhogo na maharage, alinieleza lililomleta.

"Mjomba, nataka kusoma shahada ya udaktari katika uongozi wa huduma za ukarimu. Chuo kiko ng'ambo, masomo ni ya mtandao, na kazi siachi. Nimeona nisilipe ada kabla sijakusikia."

Kwanza nilicheka. Kwetu Buha ukarimu hausomewi darasani. Mgeni akifika hupewa kiti, hupewa maji, hupikiwa, ndipo huulizwa safari yake. Nikamwambia kwamba bibi yake alikuwa daktari wa ukarimu bila kujua kusoma.

Hakucheka. Alinijibu kwa heshima, "Nyumbani mgeni ni mmoja, Mjomba, na bibi hakudai mshahara. Kazini kwangu wageni ni ishirini, na msichana anayefua mashuka yao ameacha mtoto mgonjwa nyumbani. Nani alimfundisha meneja kuwatunza wote wawili?"

Nilinyamaza. Mwalimu akishindwa hoja na mwanafunzi ni vema anyamaze.

Basi akanifafanulia. Kazi ya hoteli imekuwa somo la chuo kikuu kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilianza kuifundisha mwaka 1922. Hapa nchini tunacho Chuo cha Taifa cha Utalii kinachowaandaa wahudumu na wapishi. Ama udaktari wenyewe ni wa namna mbili. Upo ule wa falsafa, ambao kwa kawaida humwandaa mtu kuwa mtafiti na mhadhiri. Upo na ule wa kitaaluma, ambao mtu aliye kazini huchukua tatizo la mahali pake pa kazi na kulichunguza kitaalamu mpaka apate njia ya kulitatua. Chuo Kikuu cha Hong Kong Polytechnic, kwa mfano, kinao udaktari wa namna hiyo katika uendeshaji wa hoteli na utalii. Tatizo lake yeye ni hili: kwa nini wahudumu wa vyumba huacha kazi kabla ya kutimiza mwaka?

Alipokuwa akieleza, mimi nilikuwa nimekwisha ondoka pale barazani. Mawazo yalikuwa yamerudi mwaka 1996.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu mkuu katika wilaya hii ya Kibondo. Baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, wakimbizi walimiminika kwetu kwa maelfu, na mashirika ya misaada yakaja nyuma yao. Nyumba za wageni zilichipuka mjini kama uyoga. Mashirika hayo yalilipa vizuri kuliko Serikali, hivyo baadhi ya walimu wangu waliweka chaki chini wakaenda makambini. Waliobaki walibeba madarasa mawili mawili.

Miongoni mwa waliobaki alikuwamo kijana mmoja mwenye bidii. Alikuwa amejiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Alisoma usiku kwa taa ya chemli. Siku moja aliingia ofisini kwangu na barua ya kuomba ruhusa aende Kigoma mjini kukutana na wahadhiri. Nilimwambia watoto wa watu si wa kuachwa kwa ajili ya shahada ya mtu mmoja. Nilimrudishia barua yake pasipo kuifungua. Hakuomba tena, na baada ya muda nikasikia ameacha masomo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi nilijua vema elimu ya namna ile. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote, walimu hawakutosha. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini: walifundisha sehemu ya siku, na saa zilizobaki wakasoma kwa vitabu, kwa redio na kwa msaada wa wakufunzi. Zaidi ya walimu 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu, nikapewa watatu wa kuwaongoza. Wakienda kusoma, nilishika madarasa yao. Sikuona kwamba naibiwa, kwa kuwa ratiba ilionyesha wazi saa ipi ya nani.

Wala jambo hili si la Tanzania pekee. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wasomao mbali tangu mwaka 1858. Mzee Nelson Mandela alisoma sheria kwa posta akiwa mfungwa, mchana akivunja mawe ya chokaa, na shahada yake ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini aliipata mwaka 1989. Mtandao umeongeza mwendo tu. Jasho ni lile lile.

Basi nilimwambia mpwa wangu mambo matatu. La kwanza, kabla ya kutoa hata senti moja, aiulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa, maana mtandaoni vyuo vya kweli na vya uongo huvaa sare moja. La pili, achukue karatasi aandike saa za wiki nzima: za kazi, za watoto, za kulala, na za masomo. La tatu, mbele ya kila saa ya masomo aandike jina la mtu atakayeibeba kazi yake saa hiyo, kisha amwendee mtu huyo na kumwomba kwa mdomo wake.

Aliandika. Kuona saa ni rahisi. Kuona majina kulimtoa jasho. Semina za mtandao zilikuwa saa nne usiku, mara mbili kwa wiki. Jina lililotokea mara nyingi kuliko yote lilikuwa la binti wa mapokezi, ambaye hakuwa ameulizwa lolote.

Sasa yuko mwaka wa pili. Bando humwishia katikati ya semina, na juzi msimamizi wake alimrudishia sura nzima aiandike upya. Lakini yule binti wa mapokezi anajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kila Jumamosi meneja mwenyewe hukaa mapokezi ili binti asome. Wahudumu wa vyumba nao, walipoulizwa, walisema jambo ambalo mpwa wangu hakulitegemea. Mshahara mdogo waliutaja, ndiyo, ila kilichowachosha zaidi ni kutojua Jumatatu kama Ijumaa watakuwa zamu ya usiku. Tangu hapo ratiba ya zamu hubandikwa ukutani wiki mbili kabla.

Nami nilikuwa na deni langu. Nilipanda basi nikaenda kumtafuta yule mwalimu wa mwaka 1996. Amestaafu sasa, analima maharage na kahawa kidogo. Alinipokea kama mgeni wa heshima. Kiti, maji, chakula. Nilipomwomba radhi, alitikisa kichwa.

"Mwalimu Mkuu, watoto walikuwa wengi na sisi tulikuwa wachache. Hilo nililielewa. Ila hukuniuliza ni siku ngapi."

"Zilikuwa ngapi?"

"Nne. Na mwalimu wa darasa la tano alikwisha kubali kunishikia vipindi. Iliandikwa ndani ya barua."

Nilirudi Kibondo jioni. Tangu siku ile, kijana yeyote anayekuja kwangu na habari za kusoma huku akifanya kazi, simpi ushauri kwanza. Namwuliza ni siku ngapi, na nani amekubali kumshikia.